Siku moja na nusu ya Katiba na kodi ya mapato: tathmini ya semina niliyoilipia Dodoma

Mwezi Septemba nililipa shilingi 180,000 kuhudhuria semina iliyotangazwa kwa kichwa cha "Katiba na Kodi ya Mapato: Haki za Mlipakodi", iliyofanyika katika ukumbi wa hoteli moja ya Area D hapa Dodoma na kuandaliwa na kampuni ya washauri wa kodi ambayo sitaitaja. Siitaji kwa sababu baadhi ya ninayoyalalamikia yalinipata mimi peke yangu, na kampuni haipo hapa kujitetea. Anayefikiria kujiandikisha katika awamu nyingine ataitambua kwa kichwa cha semina, na ninamwandikia yeye.

Kilichonipeleka ni mteja. Mimi ni mhasibu wa wafanyabiashara wadogo, chumba changu cha kazi kiko Majengo, na miongoni mwa ninaowatunzia hesabu ni mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Nkuhungu. Mwishoni mwa Agosti, nilipomkumbusha awamu ya tatu ya kodi yake ya mapato ya mwaka, inayolipwa kwa makadirio na inayopaswa kulipwa kabla ya Septemba 30 kuisha, alinionyesha ujumbe mrefu katika simu. "Mdogo wangu," aliniambia, "hii kodi tunayolipa haimo kwenye Katiba. Soma mwenyewe." Ujumbe ulidai kwamba kodi ya mapato ni batili kwa kuwa "ya 16" haikupitishwa kihalali. Mzee, ambaye si mtu wa kukubali jambo bila kulikagua, alikuwa ameifungua Katiba ya Jamhuri ya Muungano kwenye Ibara ya 16, akakuta inazungumzia haki ya mtu kuheshimiwa nafsi yake, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake, na akahitimisha kwamba ofisa wa kodi haruhusiwi kuvuka kizingiti cha duka lake. Nilijua kuna mahali pameharibika, lakini sikuweza kumweleza ni wapi, na mtu anayelipwa kwa ushauri hapaswi kujibu kwa kusema tu kwamba mambo si hivyo.

Siku ya kwanza ilifundishwa na mhadhiri wa sheria, mama wa makamo, ambaye washiriki wote thelathini na kitu tulikuwa tunamwita Mwalimu kabla hata saa nne hazijafika. Alianza na ujumbe uleule. Aliuliza nani ameupokea, mikono zaidi ya kumi ikanyooka, ndipo akatuambia kwamba "ya 16" inayotajwa mle si ibara yetu hata kidogo, bali ni Marekebisho ya 16 ya Katiba ya Marekani, na kwamba aliyetafsiri ujumbe huo aliiondoa nchi na kuiacha namba. Kwa dakika hizo tano peke yake nilikuwa nimepata nusu ya fedha yangu.

Kisha alieleza tatizo la Wamarekani kwa utulivu ambao nimeukosa katika vitabu vingi. Katiba yao inataka kodi ya moja kwa moja igawanywe kwa majimbo kwa kufuata idadi ya watu wa sensa, na kwa zaidi ya miaka mia moja walibishana kama kodi ya mapato ni ya moja kwa moja au ni ushuru wa aina nyingine. Ili tuelewe kwa nini swali hilo lilikuwa na uzito, alichukua kalamu na kuandika takwimu za Sensa ya 2022: Dodoma watu 3,085,625, Dar es Salaam 5,383,728, Tanzania nzima 61,741,120. Kanuni hiyo ingekuwa yetu, alisema, basi katika kila shilingi 100 ambazo Serikali inazihitaji kutokana na kodi ya mapato, Mkoa wa Dodoma ungetakiwa kuleta karibu shilingi 5 na Dar es Salaam karibu shilingi 8 na senti 70, bila kujali kwamba kule kuna bandari, makao makuu ya mabenki na viwanda, na huku wengi wetu tunategemea uwele, alizeti, zabibu na mishahara ya watumishi. Kwa kuwa mapato ya huku ni madogo kwa kila kichwa, kiwango cha kodi kwa mtu wa Dodoma kingelazimika kuwa kikubwa kuliko cha mtu wa Dar es Salaam mwenye kipato sawasawa na chake. Mzee mmoja aliyekaa nyuma alisema hiyo ni kodi ya kichwa iliyovishwa suti. Ukumbi ulicheka, maana wa umri wake wanaikumbuka kodi ya maendeleo, iliyofutwa mwaka 2003, na mgambo waliokuwa wakiwasaka wasio na stakabadhi.

Kesi zenyewe alizipanga vizuri. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kodi ya mapato ya wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe katika kesi ya Springer mwaka 1881, bila jaji hata mmoja kupinga. Mwaka 1894 Bunge lao likatunga kodi ya asilimia 2 kwa mapato yanayozidi dola 4,000, kiwango ambacho kiliwagusa matajiri wachache tu. Charles Pollock, mwenye hisa kumi katika kampuni ya Farmers' Loan & Trust ya New York, akaishtaki kampuni yake mwenyewe ili isiilipe kodi hiyo. Hapo Mwalimu alitulia, na alifanya vyema, kwa sababu kisa chenyewe kinasisimua: hukumu ya kwanza, ya Aprili 1895, iliacha sehemu kubwa ya maswali ikiwa nne kwa nne kwa kuwa Jaji Howell Jackson alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu, kesi ikasikilizwa upya, Jackson akatoka kitandani kuja kuisikiliza, na Mei 20 kodi ikatenguliwa kwa kura tano dhidi ya nne. Jackson mwenyewe aliitetea kodi, akashindwa, na akafariki Agosti mwaka huohuo. Sababu ya majaji wengi ilikuwa kwamba kodi juu ya pango la ardhi au gawio la hisa ni sawa na kodi juu ya ardhi au hisa zenyewe, na hivyo ni ya moja kwa moja na lazima igawanywe kwa majimbo.

Jibu lilikuja kwa kubadilisha Katiba. Marekebisho ya 16 yalipitishwa na Bunge lao mwaka 1909 na kufikisha majimbo 36 yaliyohitajika, kati ya 48, mwezi Februari 1913, nayo yanaruhusu kodi ya mapato kutoka chanzo chochote bila kuigawanya kwa majimbo na bila kuangalia sensa. Sheria ya Oktoba mwaka huo ilianza na asilimia 1 kwa mapato yanayozidi dola 3,000 kwa mtu asiye na ndoa, na mwaka 1916, katika kesi ya Brushaber dhidi ya kampuni ya reli ya Union Pacific, Mahakama ikaithibitisha. Tangu hapo swali la kama Marekani inaweza kutoza kodi ya mapato halina uhai mahakamani, ingawa mitaani halijafa. Wapo wanaodai kwamba nakala zilizopitishwa na majimbo zilitofautiana herufi na alama za uandishi, na wapo wanaodai kwamba Ohio haikuwa jimbo halali hadi mwaka 1953. Mahakama zimeyakataa madai yote hayo, na anayeyaandika katika ritani yake, yaani fomu ya kutangaza mapato yake, anaweza kutozwa adhabu ya dola 5,000 kwa kuleta hoja zisizo na msingi.

Nililopenda zaidi ni kesi ya Cheek ya mwaka 1991, ya rubani aliyeacha kuwasilisha ritani kwa sababu alishawishika kwamba kodi haimhusu. Mahakama ya Juu ilisema kwamba mtu ambaye kweli hakuielewa sheria anaweza kulieleza baraza la wazee wa mahakama jambo hilo, hata kama kutoelewa kwake hakuna mantiki, lakini mtu aliyeielewa sheria na kuamua mwenyewe kwamba ni kinyume cha Katiba hana kinga hiyo. Rubani alishtakiwa upya na akatiwa hatiani. Nilimfikiria mzee wangu wa Nkuhungu na simu yake. Mwalimu alimalizia na kesi ya Moore ya Juni 2024, ambamo mume na mke walipinga kodi ya dola 14,729 juu ya faida ya kampuni ya India waliyokuwa na hisa ndani yake, faida ambayo haikuwahi kufika mikononi mwao, na wakashindwa kwa kura saba dhidi ya mbili. Yaani hata baada ya miaka mia moja wanabishana bado, ila sasa wanabishania maana ya neno "mapato", na mamlaka ya kuyatoza hayabishaniwi tena.

Kabla ya kufunga aliongeza kisa cha Uingereza ambacho hakikuwa katika ratiba, na kwa maoni yangu ndicho kilichotufaa kuliko vyote. Mwaka 1912 Thomas Gibson Bowles, aliyewahi kuwa mbunge, aliishtaki Benki Kuu ya Uingereza kwa kukata kodi ya mapato kwenye gawio lake kwa kutegemea azimio la kamati ya Bunge pekee, kabla sheria yenyewe haijapitishwa. Alishinda, na Bunge likalazimika kutunga sheria mwaka 1913 ili makusanyo ya muda yawe na msingi. Hapa Dodoma hotuba ya bajeti husomwa mwezi Juni umbali wa dakika chache tu kutoka ukumbi tuliokaa, na kesho yake asubuhi mwenye duka amekwisha kubadilisha bei kwa kusikia redio. Hotuba si sheria. Kinachomfunga mlipakodi ni Sheria ya Fedha iliyopitishwa na Bunge na kutiwa saini na Rais, ambayo kwa kawaida huanza Julai 1.

Kama semina ingeishia hapo ningeisifu bila kigugumizi. Chakula kilikuwa cha kawaida, pilau na maharage, na juisi ya zabibu ya hapa nyumbani iliyoisha kabla ya waliokaa nyuma kufika mezani.

Siku ya pili, iliyokuwa ya asubuhi tu, ilikuwa ya Tanzania, na mtoa mada alikuwa kijana kutoka kampuni yenyewe. Ndiyo sehemu iliyonileta, na ndiyo iliyoniangusha. Kati ya saa tatu na nusu tulizokaa, zaidi ya saa moja ilitumika kutangaza huduma za kampuni, na nyingine kukokotoa kodi ya mishahara, kazi ambayo wengi tuliokuwamo ukumbini tunaifanya kila mwezi. Ibara ya 138 ilionekana kwenye skrini kwa muda wa kunywa maji. Ibara hiyo ndiyo mlango wa mjadala wote kwetu: inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliowekwa kisheria na kupewa nguvu na sheria ya Bunge. Katiba yetu haina sharti la kuigawa kodi kwa mikoa kwa sensa, na Nyongeza ya Kwanza, katika orodha ya mambo ya Muungano, inaitaja kodi ya mapato ya watu binafsi na ya mashirika kwa jina lake. Kwa hiyo swali lililowatesa Wamarekani kuanzia 1895 hadi 1913 kwetu lilijibiwa katika maandishi ya Katiba yenyewe, na Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, Sura ya 332, imesimama juu ya jibu hilo. Sentensi hizi tatu ndizo nilizohitaji kumpelekea mzee. Niliziunganisha mwenyewe usiku, nikiwa na Katiba yangu iliyochakaa mapajani.

Baada ya hapo ndipo palipokuwa na kazi ya kweli, nayo haikuguswa. Je, ile nusu ya pili ya Ibara ya 138 inaruhusu nini hasa? Kupitia humo ndimo zinamopita kanuni za Waziri na sheria ndogo za halmashauri, na mfanyabiashara wa Majengo hukutana na hizo mara nyingi kuliko anavyokutana na Sura ya 332. Ibara ya 99 nayo inataka pendekezo la kutoza au kubadilisha kodi litoke kwa Rais kupitia kwa Waziri, lakini inaacha nje pendekezo la kupunguza, na sijui mlipakodi gani asiyetamani kuelezwa kwamba mbunge wake ana nafasi hiyo. Ningependa pia kusikia Ibara ya 24, ya haki ya kumiliki mali, inavyokaa pamoja na sharti la mtu anayepinga makadirio kulipa kwanza theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, au kiasi asichokibishia kama ni kikubwa zaidi, ndipo pingamizi lake lipokelewe.

Nilinyoosha mkono na kuuliza kuhusu Kenya. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Machakos ilitengua kodi ya kima cha chini, iliyokuwa asilimia 1 ya mauzo ghafi, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka uliofuata. Hoja ya msingi ilikuwa kwamba kodi ya mapato hutozwa juu ya faida, na kutoza mauzo ya anayepata hasara ni kumla mtaji. Sisi tunayo kodi inayofanana nayo kwa kampuni zinazotangaza hasara kwa miaka mitatu mfululizo, na kuna wateja wangu wawili inayowahusu. Niliuliza kama hoja ya Machakos ingeweza kusimama mbele ya Katiba yetu, ambayo haina ibara ya haki katika mgawanyo wa mzigo wa kodi iliyo wazi kama ya Kenya. Kijana alijibu, "Hayo ni ya Kenya, dada yangu," akahamia slaidi nyingine. Sikumjibu, lakini siku nzima iliyotangulia tulikuwa Marekani, na Kenya ni karibu zaidi.

Kijitabu tulichopewa nacho kina kosa ambalo halisameheki kwa watu wa kodi. Jedwali lake la kodi ya mishahara bado linaonyesha asilimia 9 katika daraja la kwanza, wakati kiwango hicho kilishuka kuwa asilimia 8 tangu Julai 2021. Nichukulie mfanyakazi wa mshahara wa 900,000: ukitoa asilimia 10 ya mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, unabaki na 810,000, na kodi yake ni 20,000 kwa daraja la 270,000 hadi 520,000, pamoja na 48,000 kwa daraja linaloishia 760,000, pamoja na 12,500 kwa kilichobaki, jumla 80,500. Kwa jedwali la kijitabu angekatwa 83,000. Shilingi 2,500 kila mwezi ni 30,000 kwa mwaka, ambazo mwajiri atakuwa amezikata bila sheria yoyote, na huo ndio uvunjaji wa Ibara ya 138 ulio karibu nasi kuliko wowote uliotajwa ukumbini. Nilimwonyesha mratibu ukurasa. Aliniahidi kuusahihisha, akaandika kwa penseli.

Kwa hiyo, kwa anayeuliza kama alipe: siku ya kwanza inastahili fedha, na kama kampuni ingeiuza peke yake kwa nusu ya bei ningewapeleka wateja wangu wote wenye simu. Uliza kwanza kama Mwalimu yuleyule atakuwepo. Siku ya pili nenda ukiwa na Katiba yako, maana ukumbini haikuwapo hata nakala moja, na uwe na maswali yaliyoandikwa, kwani bila hayo utauziwa huduma. Cheti ni karatasi nzuri tu. Nilipoomba kujua saa ngapi za mafunzo endelevu zitatambuliwa na bodi yetu ya taaluma, jambo lililokuwa limeandikwa katika tangazo, niliambiwa bado linashughulikiwa.

Mzee nilimpata dukani kwake Septemba 27, akipima nondo. Nilimsomea Ibara ya 138 na mstari wa Nyongeza, akaniomba nirudie, kisha akauliza kama sheria ndogo ya ushuru anaolipa halmashauri nayo iko chini ya ibara hiyohiyo. Nilimwambia iko, na kwamba nakala yake anayo haki ya kuiomba. Awamu ameilipa. Halmashauri amekwenda mara mbili kuomba nakala, na anaendelea kwenda.

Limebaki la risiti. Nililipa siku ya kwanza asubuhi na kuomba risiti ya EFD, mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, nikaambiwa mashine haina mtandao. Niliomba tena mchana, na tena siku ya pili, mbele ya bango lenye neno "uzingativu", yaani kutii sheria za kodi, kwa herufi kubwa. Ilinifikia kwa simu baada ya siku tisa ikiwa imeandikwa shilingi 100,000. Nimeirudisha, nikiomba ya 180,000.